Chura wa Lukafu na Jina la Baba Yako

Kapinga mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya kandambili, na ya kutolala na nywele mbichi utaambiwa na mama yako mdogo Agnesi ukifika Sakania. Yeye anapenda sana kuagiza, basi mwachie kazi hiyo. Mimi nakuandikia jambo moja tu, lile ulilonitupia wiki iliyopita pale bombani, mbele ya wanawake wote wenye ndoo: "Mama, ile ilikuwa chura tu!"

Nilinyamaza. Wanawake wakadhani nimeona haya. Sikuona haya. Nilikuwa natafuta jibu, na jibu lilikuwa refu kuliko foleni ya maji. Tena humu katika kambi ya wakimbizi hakuna siri. Kuta zetu ni maboksi na magunia. Baba yako akiniuliza swali, Mama Ngalula wa nyumba ya pili ndiye anayejibu. Kwa hiyo naandika. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Sakania kusomea uuguzi kwa masista. Bibi yako amejinyoosha kwenye mkeka, baba yako yuko na watoto wake wa shule chini ya turubai la ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, wewe umekwenda kuaga wenzako. Jua bado lipo, na karatasi inatosha.

Nikuambie mapema: kama umefungua barua hii kutafuta neno samahani, utalikuta mahali pamoja tu, na pale nitakuwa naomba kwa baba yako, si kwako.

Unakumbuka tulikwenda Lukafu kumzika mama yangu, wewe ukabaki mjini na bibi. Ilikuwa masika ya kwanza baada ya Katanga kujitenga. Msiba ulikuwa mzito, lakini kizito zaidi kilikuwa jinsi ndugu zangu walivyomtazama baba yako. Walimpa kiti, wakampa sahani ya bukari, ila hawakumpa maneno. Kaka yangu Kalaba, mjomba wako, hakumsalimu hata kidogo. Alisimama mlangoni akaniuliza kwa sauti, "Muluba wako eko wapi?" na baba yako, Mluba wa Kasai, yuko palepale, anaosha mikono.

Baba yako alikung'uta maji mikononi. Alichukua ule mfuko wake wa maabara, wa kukusanyia vyura, akateremka bondeni, kule kwenye majani yenye maji chini ya mlima. Nikamfuata. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na ukungu umeshuka mpaka magotini. Nikamkuta amesimama kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Sikia," akasema.

"Vyura."

"Hapana. Chini ya ile kelele ya vyura."

Nikafumba macho, ndipo nikasikia. Ilikuwa kama cherehani ambayo gurudumu lake linazungushwa kwa mkono, polepole, halafu mshonaji anaghairi kabla sindano haijaingia kitambaani. Nikamwambia hivyo. Baba yako akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye lori.

Tulimtafuta kwa magoti, tukalowa kama nguo za kufua. Aliyemsikia ni yeye, lakini aliyemfunika kwa kiganja ni mimi. Kachura kadogo, hakafiki hata urefu wa kidole changu gumba. Mgongo rangi ya majani makavu, na mstari mweupe katikati kana kwamba mtu amepima apate kukata. Kaliporuka ndani ya chupa nikaona ndani ya mapaja yake rangi ya papai lililoiva sana. Baba yako akakageuza, akahesabu vidole, akatazama kama kuna ngozi kati ya vidole, akahesabu tena.

"Huyu simujue," akasema. Baba yako, ambaye aliwajua vyura wa mkoa huu kama wewe unavyowajua wenzako wa darasani.

Tuliporudi nyumbani, mama mkubwa Kaseya akachungulia chupa, akapiga makofi kwa kicheko. "Munakuja mbali hivi kwa kukamata kale? Ni Mwita-ukungu. Kako hapa tangu sijazaliwa!"

Baba yako hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa mbele yake, akamuuliza: kanaita saa ngapi? Kanataga wapi? Ukungu ukikosa kanakwenda wapi? Mama mkubwa akaeleza, na wengine wakasogea kusahihisha, mpaka wale waliokataa kuzungumza naye siku nzima wakajikuta wanabishana mbele yake juu ya mayai ya chura. Tulikamata na wenzake kadhaa, na njiani kurudi mjini nikamuuliza, "Sasa mpya ni mpya kwa nani?" Akasema, "Kuonwa ameonwa. Lakini hakuna aliyesema anatofautiana vipi na ndugu zake. Kazi yetu ni hiyo. Kusema, na kusema vile ambavyo mtu wa mbali hawezi kukataa."

Neno "yetu" nililisikia vizuri.

Wewe uliona tu kwamba mama ameacha kufundisha kushona kule kwenye jumba la wanawake siku za alasiri, anakwenda maabara. Aliyeniita ni yule mkubwa wa baba yako, Mzungu tuliyemwita Bwana Matope kwa sababu suruali yake haikujua kuwa safi. Alikuwa ameona michoro yangu ya kutarizi. Nilijivuna. Nilidhani kuchora chura ni rahisi kuliko kuchora ua. Mchoro wa kwanza nilipompelekea baba yako, aliutazama akakuna shavu.

"Ni mzuri. Lakini umechora chura wa kitambaa cha meza."

Nilimnunia siku mbili. Kisha nikaweka jicho kwenye kioo cha kukuzia nikaona amesema kweli. Nilikuwa nimempa chura yule miguu iliyolingana, kumbe mmoja ulikuwa na kovu. Nilikuwa nimempa mdomo wa kutabasamu, kumbe ulikuwa umenyooka tu. Nilichora ninachokijua kuhusu vyura, badala ya kumchora huyu aliyelala mbele yangu. Nilirarua nikaanza tena, nikararua tena. Kapinga, katika maisha yangu nimewaona watu wengi kwa namna ile ya kwanza. Hata baba yako, miaka ya mwanzo ya ndoa, nilikuwa naishi na Mluba wa kwenye hadithi za shangazi zangu: mjivuni, mchoyo, mwenye kuficha. Ilinichukua muda kumwona yule aliyekuwa amekaa mezani.

Na jambo jingine nililojifunza pale: chura akiingia kwenye alkoli, rangi yake inakimbia. Ile papai ilififia mbele ya macho yangu, ikawa majivu. Bahati njema nilikuwa nimeipaka, doa la rangi tu bila chura, kwenye karatasi kule kule Lukafu, huku chura angali anapumua. Baba yako aliniambia niandike chini yake kwamba ni rangi ya aliye hai.

Yeye aliandika maelezo. Aliwapanga vyura wote wa jamii ile kutoka kwenye vitabu na kwenye chupa, mmoja mmoja, akauliza wa kwetu anatofautiana nao wapi: vidole, ngozi ya tumbo, mlio. Mmoja kati ya wale tuliowaleta akachaguliwa awe shahidi wa wenzake wote, huyo ndiye atakayewekwa daima ili mtu akibisha aje amtazame. Miezi ilipita. Bwana Matope akajaribu kubomoa kila sentensi, akashindwa, akampa baba yako mkono. Jina walikubaliana litokane na Lukafu, na mkia wa Kilatini nyuma. Chini ya michoro yangu ikaandikwa: amekusanywa na Tshibangu, jina la baba yako.

Ndipo akaja mkubwa wa ofisi moja ya serikali mpya ya Katanga.

Asubuhi ile nilitumiwa mtu kuniita maabara. Nikamkuta mkubwa huyo, kijana wa suti, kwenye kifua amebandika bendera ndogo yenye misalaba ya shaba. Bwana Matope amekaa pembeni anatazama viatu vyake. Baba yako hayupo, ametumwa mjini kununua chupa. Sasa najua kwa nini alitumwa.

"Madame," akasema yule kijana, kidole juu ya michoro yangu, "ile ma-dessin iko muzuri sana. Pays yetu, inchi yetu, iko mupya, iko na lazima ya bintu bya kuonyesha inje. Tutamupa huyu chura jina ya pays. Lukafu, nani anaijua Lukafu?"

"Bantu ba Lukafu banaijua."

Akatabasamu. "Ya pili. Hapa chini munaandika Tshibangu. Tshibangu ni muntu wa wapi?"

"Ni muntu wa mu nyumba yangu."

"Madame, unajua mambo ya sasa. Tutoshe ile jina, tuifute. Monsieur hapa ataweka yake, inatosha."

Nikamtazama Bwana Matope. Hakuinua kichwa. Nikasema, "Mukitosha ile jina, mutoshe na chura. Hakukuja mu mji peke yake."

Kijana hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, kwamba mimi ni mtoto wa nchi, kwamba nitapewa karatasi yenye mhuri, hakuna mtu atakayegusa mlango wetu. "Na bwana yako ataikala pamoja na weye," akasema, "kama anajua kunyamaza."

Nakuandikia hili waziwazi ili usije ukaambiwa na mwingine: karatasi ile ilikuwa mezani, mhuri ulikuwa mezani. Nyumba ilikuwa mezani. Nilikusanya michoro yangu, nikaigonga mezani ikae sawa, nikaiweka chini ya kikwembe nilichojifunga. Bwana Matope akaniambia kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, nifikirie binti yangu.

"Ninamufikiria," nikamjibu. "Njo maana ninakataa."

Usidhani mama yako ni chuma. Nilitembea wima mpaka kona ya barabara, nikakaa juu ya ukuta wa watu, nikatapika. Muuza makaa mmoja akaniletea maji akaniuliza kama nina mimba. Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huijui, maana siku ile ulikuwa bado shuleni. Nilimweleza baba yako nikingoja anikumbatie. Akasimama. Akasema, "Nani alikutuma?"

"Tshibangu, walitaka kufuta jina lako."

"Jina langu linaweza kutoka kwenye karatasi nikaendelea kupumua. Mama yangu mgonjwa atatoka vipi kwenye nyumba? Mtoto atatoka vipi kwenye shule? Ungeniuliza, Yuliana. Lilikuwa langu."

Nilikuwa na haki kukataa, lakini nilikataa kwa mdomo wake bila kumwomba ruhusa. Hapo ndipo mahali pale pa samahani. Nilimwomba samahani, na namwomba tena humu. Ukija kumtetea mtu, mwanangu, kwanza mgeukie umuulize. Huenda ana hofu ambayo wewe huijui, na hofu yake nayo ni haki yake.

Nikasonga bukari, ikapoa mezani. Kisha akauliza, "Kweli ulimwambia mutoshe na chura?"

"Nilimwambia."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka bibi yako akaja na fimbo kuuliza nani amekufa.

Yaliyofuata uliyaona. Kazi ikaisha, nyumba ilikuwa ya kazi. Tulikuwa bado tunabishana na mtu aliyekuja kudai funguo, vijana walipoanza kupita mtaani na marungu wakiuliza majirani nani ni wa Kasai. Labda hata tungekubali yote tungefukuzwa tu. Wengi wa huku kambini hawakumchora chura, nao wako huku. Lakini sitajificha nyuma ya hilo. Tulikuwa na mlango mmoja, nami niliufunga kwa mkono wangu.

Najua kinachokuchoma zaidi. Siku ya kukimbia, bibi yako tukampandisha kwenye baiskeli, wewe ukabeba sufuria, baba yako akabeba vitabu na unga. Mimi nilikuwa na mgongo mmoja. Cherehani ilikuwa pale, ile iliyokulisha na kukuvalisha. Nikaitazama. Kisha nikaizungushia michoro kitambaa cha plastiki cha meza, nikaifunga mgongoni kama mtoto. Jandarme mmoja mwenye bunduki kwenye kizuizi akanipisha kwa sababu alidhani nina kichanga. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Hukusema kitu, lakini niliyasikia macho yako kisogoni.

Cherehani ni chuma, Kapinga. Iko mahali fulani sasa hivi inamshonea mtu mwingine, na haimkumbuki aliyeinunua. Vidole vyangu umeviona jinsi vilivyotobolewa na kushona kwa mkono mashati ya watu wa kambi. Vinauma. Ningerudishwa siku ile ningechukua michoro tena. Wangefuta jina la Tshibangu kwenye chura leo, kesho wangelifuta shuleni, kesho kutwa hospitali, na kila mara wangetuambia ni kitu kidogo tu. Mimi nilitaka iwepo angalau karatasi moja duniani ambayo walishindwa.

Bwana Matope alikuja kambini masika yalipokwisha, ndani ya jeep ya ONU. Wewe ulikuwa zahanati na bibi. Alikuwa amekonda. Alisema amejaribu mchoraji mwingine, amejaribu na picha ya kamera, haikuwezekana: wale vyura kwenye chupa wote wamekuwa majivu. Rangi ya aliye hai ilikuwa mahali pamoja tu, mgongoni mwangu.

"Nipe, Mama Kapinga," akasema. "Itachapishwa Ulaya. Yule mtu wa suti hasomi vya Ulaya."

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nikamgeukia baba yako. "Nimpe?"

"Mpe," akasema. "Lakini aandike kwanza, na asome."

Mzungu yule akakaa juu ya debe la mafuta, karatasi juu ya goti, akaandika upya ukurasa wa kwanza: Tshibangu mbele, jina lake nyuma. Akasoma kwa sauti, huku Mama Ngalula amesimama mlangoni pake kama hakimu. Baba yako akamsahihisha kipimo cha mguu wa nyuma. Mzungu akaandika upya. Ndipo nikafungua kitambaa cha plastiki.

Kabla ya kuondoka alisema kitu. Alisema, "Siku ile ilinipasa niseme neno." Nikamwambia, "Ndiyo, ilikupasa." Sikumwongezea sukari. Lakini nilimpa maji ya kunywa, maana njia ilikuwa na vumbi.

Na juzijuzi ile kazi imerudi imechapwa. Daktari wa ONU ndiye aliyeileta, jarida jembamba, nadhani ulimwona baba yako amelikumbatia kama mgonjwa aliyepona. Limo jina la Lukafu. Wamo wanawake wa Lukafu na Mwita-ukungu wao, kwa herufi nzuri. Tshibangu yuko juu kabisa. Wakati wanatafuta mtu wa Kasai wa kumpiga, kuna Mluba mmoja ameandikwa kwamba alisikia na kueleza kitu ambacho hakuna msomi aliyekuwa amekieleza. Hata waichome Lubumbashi yote, jarida lile liko katika miji wasiyoifikia.

Nikatazama michoro yangu. Ilitoka safi, kovu la mguu lipo, papai lipo. Nikatafuta jina langu chini ya picha. Halikuwepo. Nikageuza mwanzo, nikageuza mwisho. Nikacheka. Halafu sikucheka tena.

Hakuna aliyenidhulumu, Kapinga. Sikuwa nimedai. Bwana Matope alikuwa na kalamu mkononi, yuko tayari kuandika lolote nitakalo, nami nilisimamia jina la mume wangu kama simba, nikajisahau. Chura niliyemkamata kwa kiganja changu! Baba yako alipoona akachukua kalamu, akaandika pembeni ya picha: *Amechorwa na Yuliana Mwewa.* Nikamwambia, "Huko Ulaya hawana kalamu yako." Akasema atawaandikia. Nimemwambia hapana, nitawaandikia mwenyewe. Nimekwisha anza.

Ndiyo sababu sitaki uondoke na hadithi ya mama jasiri. Mama jasiri alipigana vizuri na akasahau nusu ya vita. Wewe utakuwa muuguzi, utakuwa na madaktari juu yako na wagonjwa mikononi, utakuwa na mume pengine, na moyo wako ni kama wangu, unakimbilia kutetea wengine. Watetee. Ukimaliza, rudi utazame kama nawe umo.

Kuhusu mjomba wako Kalaba. Aliponiambia zamani nimwache Muluba wangu nirudi Lukafu, nilimfungia mlango, na nilidhani ni milele. Juzi alikuja langoni mwa kambi akaniulizia kwa lafudhi yake ya kwetu, na vijana wa huku, wa Kasai, wenye machungu yao, wakamzunguka. Walikuwa wamekwisha mrarua shati. Aliyeingia katikati na kumvuta ni baba yako. "Ni shemeji yangu!" akapiga kelele. "Mutanipiga miye kwanza!" Nilimtia Kalaba maji ya chumvi kwenye jicho. Hakuomba radhi. Si mtu wa maneno. Alisema tu, "Mutoto nitamupeleka miye mwenyewe mpaka Sakania." Kwa hiyo usimnunie kwenye treni. Ila usimwogope pia.

Ameniambia kwenye treni na mpakani wataulizia jina. "Muambie aseme yeye ni Marie wa Lukafu, basi." Nimelifikiria hilo tangu jana, na najua wewe pia unalifikiria, maana hukula.

Mimi niliyekataa kumfutia chura jina, nitakuambia nini? Nakuambia hivi. Chura hakuwa na mdomo wa kusema alikotoka, ilibidi mimi nisimame. Wewe una mdomo, na una shingo moja. Mtu mwenye bunduki kwenye treni si kitabu. Unachomwambia hakiandikwi popote, na hana haki ya kupata ukweli wako. Mwambie Marie wa Lukafu, umtazame usoni, upite. Sio uongo, wewe ni Marie kwa ubatizo na mtoto wa Lukafu kwa mama. Sikukuzaa ili uwe shahidi kwenye chupa.

Lakini utavuka vizuizi. Utafika kwa masista, na siku ya kwanza sista atafungua kitabu cha wanafunzi, atachovya kalamu, atauliza unaitwa nani. Atakuwa na haraka. Huenda atasema jina lako ni gumu, akakuomba moja fupi. Hapo, Kapinga, ndipo usimame. Mpe lote: lako, la baba yako, na langu. Mtajie herufi moja moja. Akikosea, mwambie amekosea. Wala usikae kwenye kiti mpaka umeinama ukaona kwa macho yako kwamba ameandika.

Mimi mama yako,
Yuliana Mwewa,
mzaliwa wa Lukafu, mke wa Tshibangu, niliyemkamata chura wa Lukafu na kumchora.